Korongo Nyuma ya Nyumba

Alhamisi, 3 Aprili

Nimedanganya tena. Lakini kwa sababu nzuri.

Mitchell alipiga simu nikifunga duka. Shule zimefungwa. Ana wiki moja ambayo mama yake, Aloo, hana mpango nayo, na anaweza kuja kwangu hapa Kiogoro au kwenda Naivasha kwa shangazi yake Adongo. Binti yangu ana miaka kumi na sita. Hajalala chini ya paa langu tangu Aloo ahamie Kisumu naye, mwaka wa pili sasa. (Aloo na mimi hatujaachana rasmi. Tumenyamaziana rasmi.) Moyo ukaniruka! Kisha akasema Naivasha kuna lile bonde jembamba walilotembezwa na shule, kuta za mawe huku na huku, mwanga unashuka kutoka juu, anatamani kulirudia apige picha. Akauliza, kwa upole kabisa, kwetu huku kuna nini.

Ningesema kuna ndizi. Ningesema kuna mimi. Nikasema kuna korongo.

Neno hilo nililibeba kutoka darasa la saba na sikuwahi kulitumia hata siku moja. Akauliza ni kubwa? Kubwa mno. Liko wapi? Nyuma ya nyumba.

Sijui mdomo wangu hutumwa na nani. Nyuma ya nyumba kuna choo, migomba minane na kamba ya kuanikia nguo. Mitchell akasema haya, nimtumie picha, ndipo aamue.

Basi mpango ni huu: kupata kamera, kisha kupata korongo.

Nimewaeleza watu wa ukutani. Hao ni ile familia iliyokuja na fremu. Mimi huuza vioo na fremu dukani kwa Madam Esnah, mjini Kisii, na kila fremu huja na picha ya mfano ndani: baba, mama, watoto wawili, meno meupe. Nilichukua moja nitie picha yetu. Sijapata picha yetu ambayo wote watatu tunatazama upande mmoja. Wale nimewaacha hapo hapo. Nyumba inaonekana ina watu.

Ijumaa, 4 Aprili

Kamera imepatikana! Ni ya Manasseh, anayekata vioo dukani. Manasseh aliwahi kupiga picha ya ukungu kwenye genge la Manga, ikapendwa na watu mia nne mtandaoni, na tangu siku hiyo huongea polepole. Amenipa kamera yake ya zamani, mimi nikampa redio yangu.

Nikamwomba somo. Akasema somo ni moja: jua liwe mgongoni kwangu. Nikauliza kuhusu vile vitufe vingine. Akasema nisiviguse.

Nimefika nyumbani nikataka kusikiliza taarifa ya habari. Redio haipo. Sikujua chumba hiki kina kimya kiasi hiki. Nimewasha bomba la maji kidogo.

Jumamosi, 5 Aprili

Korongo limepatikana! Lilikuwa nyuma ya nyumba muda wote. Mdomo wangu si mwongo, una haraka tu.

Mwezi wa pili Mogire, mwenye nyumba, alileta fundi achimbe mtaro wa maji machafu. Fundi akachimba nusu, akaenda kula, hajarudi. Mtaro una kina cha katikati ya ugoko. Lakini mvua imezikata kingo zake, udongo mwekundu umetoka matabaka matabaka, na ukilala kifudifudi, kidevu kikiwa chini, ni maajabu! Kuta mbili! Vivuli! Jabali baada ya jabali!

Nikalala. Jua mgongoni, kama nilivyofundishwa. Nikapiga picha thelathini na moja.

Katika ya thelathini na mbili nikasikia mtu ananiombea. Alikuwa jirani yangu, Mama Eric, ametoka kanisani na Biblia mkononi. Alifikiri nimeanguka. Nikamwambia napiga picha. Akamalizia maombi hata hivyo. Kisha akaniletea ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Vilikuwa vya jana, kwa maana Wasabato hawawashi moto wa kupika leo. Chakula cha Jumamosi hupikwa Ijumaa. Kilikuwa baridi na kilikuwa kitamu. Alisimama mlangoni hadi nikamaliza. Nadhani alitaka sahani yake, lakini nilifurahi.

Sijui namna ya kutoa picha kwenye kamera. Nimepiga kioo cha kamera kwa simu, nikamtumia Mitchell picha ya picha. Nikaandika: Hili hapa. Mchana wa leo.

Jumapili, 6 Aprili

Jibu limekuja. Nalinakili lilivyo:

«Baba, hiyo mwamba iko chini hapo kushoto imeandikwa nini?»

Nikaikuza. Ni kifuniko cha soda. Kikubwa kama nyumba. Juu yake amesimama siafu mwenye ukubwa wa ng'ombe.

Likaja lingine: «Na hiyo kitu nyeusi ni kichwa yako?» Ni kweli. Jua likiwa mgongoni kwako, kivuli chako hukutangulia. Kimo katika picha zote thelathini na moja. Manasseh hakusema hilo.

Halafu akaandika «hahahahahahaha». Nimezihesabu. Ha saba. Ni muda mrefu sijamchekesha mtu mara saba.

Lakini kicheko si jibu. Mtu anaweza kucheka na bado aende Naivasha. Nikamwandikia kuwa hiyo ilikuwa picha ya mfano tu, kama ile inayokuja na fremu. Ya kweli iko njiani.

Jumatatu, 7 Aprili

Bahati ya mwaka!

Ameingia dukani mama kijana anaitwa Joyline, karani wa kituo cha majani chai huko Ikonge. Ameleta picha ya harusi itiwe fremu. Nikamuuliza kama anajua mahali penye korongo kubwa. Nikamwona uso unamng'aa. «Korongo? Ziko mingi sana kwetu! Ziko hapo chini kwa maji.»

Nikatoa daftari. Haya ndiyo maelezo yake, na ufafanuzi wangu.

Ziko na nyekundu kwa shingo na dhahabu juu kabisa. (Matabaka ya mawe! Hata sikujua korongo lina shingo. Hii ndiyo faida ya kuuliza wenyeji.)

Nifike mapema, jua likipanda sitaziona. (Mwanga. Hata Manasseh husema hivyo.)

Nisipige kelele. (Mawe yataporomoka.)

Mara nyingi ziko mbili mbili. (Kuta. Ni wazi. Korongo lisilo na kuta mbili ni mteremko tu.)

Joyline amesema baba mkwe wake, mzee Nyamweya, atanipeleka Jumatano. Manasseh alikuwa akisikiliza huku akijifanya anapima kioo. Akauliza polepole naenda Ikonge kufanya nini. Nikamwambia ni siri ya wapiga picha. Akakata kioo vibaya! Siku njema kabisa.

Nimemwambia Madam Esnah kwamba Jumatano naenda kung'olewa jino.

Jumatano, 9 Aprili

Nimerudi. Nina tope mpaka mfukoni mwa shati.

Nilitoka saa kumi alfajiri na bodaboda, kamera tumboni ndani ya sweta. Mzee Nyamweya alikuwa akinisubiri kando ya majani chai na gambuti miguuni. Nikamwambia «Bwakire», neno langu moja la Kikisii. Akafurahi, akaniambia mengine mia ambayo sikuyajua. Tukateremka. Akaweka kidole mdomoni. Nikatembea kwa ncha za vidole, nikiogopa mawe.

Chini kulikuwa na kinamasi. Matete, maji, ukungu kidogo. Mzee akanyoosha mkono kwa fahari. Nikatazama. Sikuona ukuta. Nikamnong'oneza korongo liko wapi. Akanyoosha tena. Nikauliza, nyuma ya wale ndege? Akanitazama kama mtu aliyeletewa mgonjwa bila kuambiwa mapema.

Ndege! Korongo ndege! Wawili, warefu, nyekundu shingoni, taji la dhahabu kichwani!

Niseme hapa, kwa maandishi, kwamba kosa si langu. Kosa ni la ngeli. Joyline angesema «wako wengi» ningejua ni ndege. Mimi ningesema «makorongo» angejua natafuta bonde. Lakini yeye Mkisii, mimi Mjaluo, na Kiswahili sote tulikutana nacho shuleni. Huku kila kitu ni iko na ziko. Mwalimu wangu wa darasa la saba alituchapa kwa ajili ya ngeli, nasi tukasema hazina kazi. Leo nimeona kazi yake.

Nikiwa bado nimeduwaa, wale ndege wakaanza kucheza. Mmoja akainama, mwingine akainama. Wakaruka, mbawa wazi. Nikasogea mbele, mguu ukateleza, nikaingia kwenye tope hadi kwapani, na kidole kikabonyeza chenyewe.

Mzee alinivuta. Tukaitazama picha pamoja. Wako wawili, mbawa zimefunguka, vichwa vimeelekeana, na mbele yao kivuli cha mtu, chembamba na kirefu, kinakaribia kugusa miguu yao. Haikutikisika hata kidogo. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopata kupiga. Mzee akasema jozi hiyo anaijua miaka mingi. Korongo hawaachani. Zamani kulikuwa na mwingine aliyepotelewa na mwenzake, akawa anakuja mahali pale pale kila asubuhi, anasimama, anaita, hadi mzee akaacha kupita njia hiyo. Nikamwambia inatosha, mzee wangu.

Kwa Joyline nilipewa chai na viazi vitamu. Wakaniuliza habari za nyumbani. Nikasema wazima, binti yangu anakuja kukaa nami wiki nzima. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Ile picha nimeifuta. Ni korongo, lakini si korongo. Nisingeweza kumtumia Mitchell ndege wakati anangojea bonde.

Alhamisi, 10 Aprili

Saa mbili asubuhi Madam Esnah ameniuliza ni jino lipi lililong'olewa. Nikaonyesha shavu la kushoto. Saa nne akaniuliza tena, nikaonyesha la kulia. Akatazama viatu vyangu, akauliza kama daktari wangu anafanyia kazi mtoni.

Manasseh akasema, kwa sauti ya kutosha wateja wawili, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mchongezi!

Adhabu: kufuta vumbi fremu zote za dukani. Ni familia ile ile ya mfano, baba, mama, watoto wawili, ukuta mzima. Wote walinitazama hadi saa nane.

Saa tisa, ujumbe kutoka kwa Mitchell: «Baba, Jumamosi uko home?»

Hapo nikafikiri sana. Hili ni swali la mtego. Mtu mwenye korongo nyuma ya nyumba hana haja ya kusafiri kulitafuta. Nikisema natoka, atajua. Nikajibu: Niko nyumbani siku nzima. Nimekaa tu, natazama korongo.

Akanitumia moyo mwekundu. Mmoja. Nimeuangalia mara kadhaa.

Sasa lazima. Manasseh, bila kujua anamsaidia nani, amekuwa akimwambia mteja kwamba ukisimama chini ya lile genge la Manga unajiona mdogo kama kuku. Ukuta wa mawe! Nyamira hapo tu! Jumamosi alfajiri nitakuwa Manga. Adhuhuri Mitchell atakuwa na korongo, na atadhani nimelipiga nikiwa na kandambili. Manasseh alipata watu mia nne. Mimi namtaka mmoja.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika jioni. Nitaandika kwa mfuatano, nisije nikajitetea.

Nilifika Manga saa moja asubuhi. Nilizima simu, maana betri yake siku hizi huisha ukiitazama, na niliihitaji kwa kutuma. Hapakuwa na mtu wa kuuliza njia. Wote walikuwa kanisani. Nyimbo zilisikika kutoka pande tatu. Genge lilikuwepo, nadhani. Kulikuwa na ukungu mweupe na mimi ndani yake.

Nikangoja. Saa tatu, ukungu. Saa tano, mvua. Nilikula andazi moja chini ya mti wa mkaratusi na nikazungumza na ng'ombe wa mtu. Saa saba, ukungu tena. Nilifikiria kurudi. Nikakumbuka Naivasha, nikakaa.

Saa tisa kasorobo ukungu ukafunguka. Wote! Ukuta ukasimama mbele yangu, mweusi na wa kijivu, maji yanametameta juu yake, jua la alasiri limeupiga usoni. Nilikuwa chini kabisa, jua mgongoni. Mdogo kama kuku, kweli. Tatizo moja tu: ukuta ni mmoja. Korongo linataka mbili. Nikaokota jiwe, nikalishika kwa mkono wa kushoto karibu na lenzi, likawa ukuta wa pili. Nikabonyeza.

Nimepata! Korongo! Nilipiga kelele peke yangu, ng'ombe akahama.

Nikawasha simu nitume. Ujumbe ukaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine.

Saa tano: «Baba fungua mlango.»

Saa tano na dakika kumi: «Niko hapa nje na anti Adongo. Ametoka kwenu Homa Bay, amenipitia Kisumu nikuje kwako.»

Saa tano na nusu: «Ama uko huko nyuma kwa korongo?»

Saa sita: «Mama Eric anasema ulitoka asubuhi na kamera.»

Saa nane: «Anti anasema tukichelewa tutafika Naivasha usiku.»

Saa nane na nusu: «Sawa Baba. Tumeenda.»

Nilikaa chini kwenye majani mabichi. Niliumia. Niandike tu, hakuna anayesoma: niliumia hadi nikasahau nimeketi kwenye maji.

Simu ilikuwa na asilimia tatu. Nilipaswa kupiga. Najua nilipaswa kupiga. Nikakipiga picha kioo cha kamera, nikaituma kwanza. Ikaenda. Kisha nikatafuta namba yake, na simu ikazima.

Jumapili, 13 Aprili

Mama Eric amenieleza yote, nami sikumwomba arudie, akarudia.

Alipotoka kanisani aliwakuta mlangoni, Adongo amekunja mikono, Mitchell amekalia begi. Begi kubwa. Akawapa chakula chake cha Ijumaa. Mitchell akala, akasema ni kitamu. Kisha akamwomba amwonyeshe korongo aliyeko nyuma ya nyumba. Mama Eric akatoka naye, wakatazama juu ya migomba, juu ya choo, hakuna hata mmoja. Akamwambia hapa labda kunguru. Ndipo Mitchell akauona mtaro.

Alicheka, anasema Mama Eric. Alicheka peke yake, muda mrefu. Halafu akalala kifudifudi na nguo zake nzuri, mahali nilipolala mimi, nyasi bado zilikuwa zimelala. Akatoa simu. Mama Eric akaanza kuomba tena.

Adongo alimwita mara tatu kabla Mitchell hajainuka.

Mchana Mitchell ameandika. Kwanza kuhusu Manga: «Baba hiyo picha ni poa. Lakini hiyo ukuta ingine iko na kucha.» Nikaikuza. Kidole gumba changu. Kucha nzima.

Kisha akanitumia yake. Ni mtaro. Ni ule ule, na kifuniko cha soda kipo. Lakini ameufanya uende mbali, hadi macho yanachoka kuufuata. Na chini yake kivuli cha kichwa na nywele zilizosukwa. Ameandika: «Nimeweka kivuli yangu hapo yako ilikuwa.»

Nilisimama nikaenda dirishani, nikarudi.

Ukafuata mwingine: «Nilichungulia dirisha. Hao watu kwa ukuta ni nani?» Nikamjibu ni watu wa kanisani.

Ukafuata wa mwisho: «Sikuja kuona korongo, Baba. Nilikuwa nimebeba nguo za wiki.»

Niliandika jibu refu. Nikalifuta. Nikaandika lingine refu zaidi, nikalifuta. Nikatuma: Pole mwanangu. Agosti? Akajibu: «Tutaona.»

Nimejaribu kulala mapema. Bomba la maji nimelifunga, nalo likaendelea kudondoka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeelewa!

Nimeusoma ujumbe wake asubuhi yote nikifuta vioo. «Sikuja kuona korongo.» Yaani alikuja, na hakuliona. Mtoto wa watu ametoka Kisumu na nguo za wiki, akaambiwa kuna korongo nyuma ya nyumba, akaonyeshwa mtaro wa ugokoni. Hata mimi ningeondoka! Kosa langu lilikuwa kutafuta mbali. Ikonge, Manga, ndege, kucha. Nilimwambia liko nyuma ya nyumba. Basi liwe nyuma ya nyumba.

Nimemwomba Madam Esnah ruhusa ya saa moja, kwa sababu ya jino. Ameniambia niende tu, niende.

Nimeazima jembe kwa Mama Eric. Nimeanza saa tisa alasiri. Udongo ni laini baada ya mvua, unakatika vizuri, na kingo nazisimamisha wima, moja huku na moja huku. Mogire amepita, akaona mtaro wake unachimbwa bila fundi, akanisifu sana na kuniita mpangaji wa mfano. Mama Eric amepita, akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Nikamwambia hakuna, najiandaa kwa mgeni. Akatazama shimo, akanitazama, akasema ataniletea chakula.

Manasseh amepiga simu kutaka kamera yake, anasema redio haishiki stesheni. Nikamwambia angoje hadi Agosti.

Picha ya Mitchell nimeichapisha mjini. Nilitaka kuitia katika ile fremu. Nikaitoa ile familia, nikawaweka mezani, nikaupima ule mtaro kwenye fremu. Kisha nikawarudisha. Haifai kutundika mtaro ukutani wakati korongo lenyewe linakuja.

Jioni simu imelia ndani mara mbili nikiwa shimoni. Nilijua ni Mitchell, nimempa mlio wake peke yake. Sikutoka. Mikono ilikuwa na udongo, na ningeongea naye ningelitaja tu, nikaharibu yote. Nitampigia likiisha.

Nimefika kiunoni.